Kuwatafuta Waliokwisha Kupita: Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Washiriki wa Zamani wa Mafunzo ya Programu Huria

Malalamiko ninayoyasikia kutoka kwa waratibu wa hapa Nairobi ni yale yale: "Tuliwatumia dodoso, hawakujibu." Nikiomba kuliona dodoso lenyewe, nakuta maswali thelathini, la kwanza likiwa "Kwa sasa unachangia mradi gani?" Kwa mtu ambaye hajagusa msimbo (code) mwaka mzima, hilo linasomeka kama notisi ya deni. Ataufunga ujumbe, aseme atajibu jioni, na jioni hiyo haitafika.

Mwongozo huu ni wa wewe uliyewahi kuratibu au kushauri washiriki wa Google Summer of Code au Outreachy (mipango ya kimataifa inayowalipa wageni wachangie programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha), au mafunzo madogo ya kwenu, na sasa unataka kujua walifikia wapi.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Majina ya wote walioanza, pamoja na walioachia njiani.
- Lahajedwali moja yenye nenosiri, inayofunguliwa na watu wawili au watatu tu.
- Nakala ya hazina ya msimbo wa mradi (mahali faili zake zote zinapotunzwa) kwenye kompyuta yako, na git, chombo kinachoweka kumbukumbu ya nani alibadilisha nini na lini.
- Mtu aliyemfahamu kila mshiriki, hasa mshauri wake.
- Laini ya simu yenye jina na picha halisi kwenye WhatsApp.
- Salio la kupiga simu. Usimwambie mtu akupigie.
- Wiki sita. Ukiwa na wiki moja, ahirisha.

## Hatua ya 1: Chagua swali moja, na anayelihitaji

Kabla ya kumwandikia yeyote, andika kwenye karatasi: tunataka kujua nini, na jibu likija nani atabadilisha nini? Kama hakuna atakayebadilisha chochote, acha watu wapumzike.

"Tunataka kujua wanaendeleaje" ni salamu, bado si swali la kazi. Swali la kazi ni kama: "Katika miezi sita baada ya kumaliza, ni nini kiliwafanya waendelee au waache kuchangia?" Hilo likijibiwa, mshauri wa awamu ijayo ana la kufanya Jumatatu asubuhi.

Utajua hatua hii imekamilika ukiweza kulisema swali lako kwa pumzi moja, na mwenzako akalirudia bila kulikosea.

## Hatua ya 2: Tengeneza orodha isiyobagua

Kosa kubwa hapa ni kuorodhesha waliofaulu tu. Walioacha katikati ndio wanaojua mlango wa kutokea uko wapi. Waweke wote.

Safu ninazotumia ni jina, mpango wa mafunzo, mwezi na mwaka wa kumaliza, ukubwa wa mradi kwa saa, mshauri, njia ya kuwasiliana, ridhaa, tarehe ya ujumbe wa mwisho, na hali ya sasa.

Safu mbili zinahitaji maelezo. Mwezi wa kumaliza ni muhimu kwa sababu Outreachy ina awamu mbili kwa mwaka: moja huanza Mei na kuisha Agosti, nyingine huanza Desemba na kuisha Machi. Ukiandika "2024" peke yake, aliyemaliza Machi na aliyemaliza Agosti wataonekana sawa, ilhali mmoja amemtangulia mwenzake kwa miezi mitano. Hesabu miezi tangu kumaliza, usihesabu miaka ya kalenda.

Ukubwa wa mradi nao umebadilika sana kwenye Google Summer of Code. Mwaka 2021 miradi ilipunguzwa ikawa ya saa 175. Mwaka 2022 washiriki wakapewa chaguo la saa 175 au 350, na mwaka 2024 ikaongezwa miradi midogo ya saa 90. Aliyekaa nanyi saa 90 hajapata muda wa kuzoea hata mizaha yenu. Usimpime kwa kipimo cha mwenye 350.

Kuna pia suala la anwani. Kuanzia 2005 hadi 2021 Google Summer of Code ilikuwa ya wanafunzi, na wengi walijiandikisha kwa barua pepe ya chuo. Mtu akihitimu, anwani hiyo mara nyingi hufa au yeye mwenyewe huacha kuifungua. Tangu 2022 mlango uko wazi kwa yeyote aliyetimiza miaka 18 na ambaye bado ni mgeni kwenye programu huria. Kwa hiyo anwani za miaka ya nyuma zitilie shaka mapema, na mwulize mshauri kama ana njia nyingine.

Tahadhari: namba ya simu ya miaka minne iliyopita huenda sasa ni ya mtu mwingine kabisa, kwani laini isiyotumika kwa muda mrefu hutolewa upya. Na ule ujanja wetu wa kujifanya unatuma pesa kwa M-Pesa ili usome jina linalojitokeza, usiutumie hapa. Kumpeleleza mtu kabla ya kumsalimia si mwanzo mzuri.

## Hatua ya 3: Uliza msimbo kabla ya kumuuliza mtu

Hatua hii watu huiruka, kisha wanashangaa kwa nini wamemkera mtu aliyechangia juzi tu kwa kumuuliza kama bado anachangia.

Fungua hazina ya mradi, sasisha nakala yako, kisha anza na picha ya jumla:

`git shortlog -sne --since="2024-09-01"`

Utapata majina, anwani na idadi ya michango tangu tarehe hiyo. Kwa mtu mmoja:

`git log -i --author="achieng" --since="2024-09-01" --oneline`

Hiyo `-i` ni ya kutojali herufi kubwa na ndogo. Usipoiweka, "Achieng" na "achieng" watakuwa watu wawili.

Sasa hapa ndipo Nairobi inapokuchezea. Mtu ana majina matatu kwenye kitambulisho, anatumia mawili kwenye barua pepe, na msimbo wake umetiwa sahihi kwa jina la utani alilopewa akiwa kidato cha pili. Mtafute kwa kila jina na kila anwani. Ukishawafahamu, weka faili ya `.mailmap` kwenye mradi ili git iunganishe sahihi zote za mtu mmoja. Ila usiandike humo jina ambalo mwenyewe hakulitumia hadharani, kwani faili hiyo husomwa na dunia nzima.

Usikomee kwenye git. Kuna kazi ambazo haziachi alama humo: kukagua msimbo wa wenzako, kujibu wageni, kuripoti hitilafu. Kama mradi uko GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kujadili msimbo, kwenye kisanduku cha kutafutia andika `reviewed-by:` au `commenter:` ikifuatwa na jina la akaunti yake. Nimewahi kumwandika mtu "ameacha", kumbe alikuwa ndiye anayewapokea wageni wetu wote. Niliona haya.

Kumbuka pia kwamba hazina za kampuni hazionekani. Huenda mtu anafanya kazi hiyo hiyo mchana kutwa ndani ya ofisi pale Westlands na hakuna alama hata moja ya nje. Hivyo git inaweza kuthibitisha kwamba mtu anaendelea, lakini haiwezi kuthibitisha kwamba ameacha.

Mwisho wa hatua hii, kila jina liwe na mstari mmoja wa ukweli, kwa mfano "mchango wa mwisho Februari, alirekebisha tafsiri". Mstari huo utauhitaji kwenye hatua ya 5.

## Hatua ya 4: Ridhaa, na sheria ya Kenya

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haijali kwamba mradi wenu ni wa kujitolea. Ukikusanya majina, namba na habari za maisha ya watu, inakuhusu. Mambo manne ya kushika:

Mzigo wa kuthibitisha ridhaa uko juu yako wewe unayekusanya. "Nadhani alikubali" haitoshi. Andika lini na kwa njia gani.

Aliyekubali anaweza kubadili nia wakati wowote. Mpe njia rahisi ya kujitoa.

Ulichokusanya kwa sababu moja usikitumie kwa nyingine. Namba aliyotoa ili apokee posho hakuitoa ili awekwe kwenye orodha ya matangazo.

Data ikivuja na kuna hatari ya kweli kwa wahusika, una saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data. Lahajedwali yenye kiungo kilicho wazi kwa kila mtu ni uvujaji unaosubiri siku yake. Ifunge leo.

Anwani zinazoonekana kwenye kumbukumbu za git nazo zina mwenyewe. Kwa mtu mliyefanya kazi pamoja, kumwandikia mara moja kuhusu kazi hiyo si ajabu. Kuzizoa zote na kuwatumia watu dodoso ni ufidhuli.

## Hatua ya 5: Andika ujumbe ambao mtu anaweza kuujibu akiwa kwenye matatu

Anayetuma awe mshauri wake, au yeyote aliyefanya naye kazi. Jina la mratibu asiyemjua halina uzito. Namba ngeni nayo ina mkosi: tangu mikopo ya simu ienee, watu wengi hapa mjini huona namba wasiyoijua na kudhani ni mdai, wake au wa rafiki aliyemweka kama mdhamini. Kwa hiyo usianze kwa kupiga. Andika kwanza.

Huu ndio ujumbe unaokufa:

"Mpendwa mshiriki, kama sehemu ya tathmini ya athari za mpango wetu, tunakuomba ujaze fomu iliyoambatishwa kabla ya Ijumaa."

Haumjui msomaji, haumpi chochote, na unampa tarehe ya mwisho kana kwamba ameajiriwa. Linganisha na huu:

"Habari Achieng. Ni Baraka, tulifanya pamoja zile fomu za wagonjwa. Ile sehemu uliyoandika bado inatumika, na wiki jana kuna mtu ameiongezea lugha nyingine. Nina swali moja tu: tangu tumalize, umegusa programu huria yoyote, hata kidogo? 'Hapana' ni jibu zuri kabisa, litanisaidia vilevile. Na kama hutaki kuulizwa tena, andika 'acha' nami nitalitoa jina lako."

Angalia mpangilio wake. Kwanza unajitambulisha kwa kazi mliyofanya pamoja, bila vyeo. Pili unampa habari njema ya kweli kuhusu kazi yake, na hapo ndipo ule mstari wa hatua ya 3 unapofanya kazi. Kama msimbo wake ulifutwa, usidanganye; tafuta jambo jingine, au mwambie kilichochukua nafasi yake. Tatu, swali ni moja na linajibika kwa neno moja. Nne, umeondoa aibu ya kusema hapana. Tano, mlango wa kutokea uko wazi.

Lugha ifuate mlivyozoeana. Kama mlikuwa mkiandikiana kwa Kiingereza, au kwa Sheng, endelea hivyo hivyo. Kiswahili sanifu cha ghafla kitamfanya afikiri akaunti yako imeibwa. Lakini kama mshiriki amekuzidi umri, na siku hizi wapo wengi waliobadili kazi wakiwa na watoto wa shule, usimwendee kwa "niaje". "Habari yako" inatosha.

Onyo kubwa: usiwaunganishe wote kwenye grupu moja la WhatsApp bila kuwauliza. Kila mtu mjini tayari yuko kwenye grupu la harusi, la matanga, la chama na la wapangaji wa ploti. Zaidi ya kuwachosha, utakuwa umezimwaga namba zao kwa watu wasiowajua. Kwa barua pepe pia, mwandikie kila mmoja peke yake.

Kuhusu wakati: epuka nusu ya pili ya Desemba, maana Nairobi huwa imehamia ushago. Epuka pia msimu wa mitihani ya vyuo kama washiriki wako bado wanasoma. Sikukuu za Kiislamu ziangalie kwenye kalenda kabla ya kubonyeza chochote.

## Hatua ya 6: Kumbusha mara mbili, kisha nyamaza

Baada ya siku kumi hivi, kumbusha kwa njia ile ile. Usiandike "nakumbusha ujumbe wangu wa awali". Rudia swali kwa ufupi, kana kwamba ni mara ya kwanza. Baada ya wiki mbili nyingine, jaribu njia ya pili kama anayo: aliyekuwa kwenye barua pepe, mtafute kwenye simu.

Kisha basi. Tiki mbili za buluu bila jibu ni haki ya mtu. Muandike "hajulikani" na uendelee. Usimtafute kupitia mama yake, mpenzi wake, au bosi wake. Ndiyo, nimeona ikifanywa.

## Hatua ya 7: Mazungumzo ya dakika ishirini

Kati ya waliojibu, waombe wachache mzungumze. Chagua kwa makusudi: wanaoendelea, walioacha, na angalau mmoja aliyeachia njiani. Anayependa kuongea si lazima awe ndiye mwenye habari. Piga wewe, kwa saa aliyochagua yeye. Kama anatumia bando lake, simu ya kawaida ni heshima zaidi kuliko video.

Usianze na "Ulionaje mafunzo?" Utaambiwa yalikuwa mazuri sana, mlikunywa chai, Mungu awabariki. Sisi tumelelewa kutomkosoa mwenyeji. Uliza matukio, usiulize maoni:

"Siku ya mwisho uliyofungua ule msimbo, ulikuwa unajaribu kufanya nini?"

"Wiki iliyofuata ulikuwa unashughulika na nini?"

"Kompyuta uliyokuwa unatumia wakati ule bado unayo?"

Swali hilo la tatu linaonekana dogo. Liulize tu. Kuna waliotumia kompyuta ya kuazima, au ya ofisi, na siku ilipoondoka mchango nao ukaondoka. Wengine waliajiriwa na mkataba ukawafanya waogope kuandika msimbo wowote nje ya kazi, hata pale ambapo mkataba wenyewe haukukataza. Waliofanya Outreachy miaka ya karibuni walikuwa wamelipwa dola 7,000 kwa miezi mitatu ya kazi. Ilipoisha, kodi ya nyumba haikuisha, nao wakahitaji kazi yoyote iliyokuja mbele.

Ukisikia "nilikosa muda", usiandike na kupita. Uliza kwa upole: muda huo ulichukuliwa na nini? Kuna kijana aliniambia hivyo hivyo, kwamba alikosa muda. Nilipokaa kimya kidogo akaongeza kwamba ombi lake la mwisho la kuingiza msimbo lilikaa miezi minne bila mtu kulitazama. Alikuwa akilifungua kila Jumapili usiku, kisha akaacha kulifungua. Nilirudi kwenye mradi nikalikuta bado liko pale. Aliyetakiwa kulikagua nilikuwa mimi.

Yasiyofaa kuulizwa: mshahara, dini, afya, na kwa nini alifeli. Na la muhimu kuliko yote, usimwombe kazi mwishoni mwa simu. "Kwa vile umepatikana, ungetusaidia na hii…" inageuza dakika zote ishirini kuwa chambo, naye hatakujibu tena.

Simu imefaulu kama umesikia angalau jambo moja ambalo hukupenda kulisikia.

## Hatua ya 8: Hesabu na walionyamaza

Tuseme ulikuwa na watu 24. Wamejibu 9: saba wanaendelea, wawili wameacha. Kishawishi ni kuandika kwenye ripoti "asilimia 78 wanaendelea", yaani 7 kwa 9. Usiandike. Anayeendelea ana furaha ya kujibu. Aliyeacha ana sababu ya kunyamaza. Asilimia hiyo inapima furaha ya kujibu.

Rudi kwenye git. Tuseme kati ya 15 walionyamaza, watatu wana michango ya karibuni. Sasa andika hivi: wanaoendelea 10, walioacha 2, wasiojulikana 12, jumla 24. Maana yake wanaoendelea si chini ya 10 na hawawezi kuzidi 22. Mfadhili anaweza kukunja uso, lakini hakuna atakayekukamata uongo.

"Kuendelea" nako kuna sura nyingi. Tenganisha anayechangia kwa kujitolea, anayelipwa kufanya kazi ya programu huria, na anayetumia ujuzi ule mahali pengine. Huyu wa tatu si hasara. Aliyejifunza nanyi jinsi OpenMRS, programu huria ya kutunza rekodi za wagonjwa, inavyofanya kazi, leo akiwa anahudumia KenyaEMR, mfumo wa hospitali za Kenya uliojengwa juu yake, huenda haonekani kabisa kwenye hazina yenu.

Ripoti isitaje jina la mtu bila idhini yake. Kwenye kundi dogo hata kuficha jina hakutoshi: "mshiriki wa kike wa 2023 aliyehamia Mombasa" anajulikana na kila mtu aliyekuwepo.

## Hatua ya 9: Rudisha kitu

Ndani ya mwezi mmoja, waandikie wote waliojibu: tulisikia hiki, tumebadilisha hiki, na hiki hatukuweza. Mistari mitano inatosha. Kama kuna aliyekuwa akihitaji barua ya mapendekezo, iandike wiki hiyo hiyo, na utaje kazi aliyofanya pamoja na viungo vyake.

## Hatua ya 10: Panda mbegu kwa awamu inayoendelea sasa

Kazi yote iliyo juu ni ngumu kwa sababu hukuomba mawasiliano wakati mtu alikuwa bado mbele yako. Kwa walio nawe sasa, katika wiki ya mwisho kabla hawajatawanyika, waulize mambo haya matatu na uandike tarehe:

1. Anwani ya barua pepe ambayo si ya chuo wala ya ofisi.
2. Je, tunaweza kukuuliza swali moja baada ya miezi 6, na jingine baada ya miezi 18? Ndiyo au hapana.
3. Ungependa nani akuulize?